Newala, Mlima Unaoanza kwa Kushuka

Alhamisi

Tuliondoka stendi ya Mkanaledi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu wanne tumebanana siti ya nyuma ya kosta, mabegi yamejaa masweta ambayo Mtwara mjini hayana kazi mwaka mzima. Mwalimu ndiye mwenye wazo la safari hii. Wengine ni Nesi, Fundi wa umeme, na mimi. Tumekulia mtaa mmoja, tumesoma shule moja, na haya majina ya kazi tulianza kuitana ukubwani kwa kuheshimiana, yakaganda.

Mwalimu ameshapanda Kilimanjaro. Alifika Uhuru, mita 5,895, na tangu arudi hajaacha kutuambia tuchange pesa twende wote. Kabla ya huko, akasema, twendeni Newala tukapime miguu: tushuke ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde pale Shimo la Mungu mpaka bondeni, kisha tupande kurudi siku hiyohiyo. Mimi nilikubali kabla hajamaliza kueleza, na sababu yangu haikuwa Kilimanjaro. Mama yangu ni mzaliwa wa Newala. Bibi mzaa mama aliupanda ukingo ule na mtungi kichwani ujana wake wote, na mimi niliyekulia kwenye bomba la uani sijawahi kushuka hata nusu yake.

Lami ni safi mpaka Mnivata, kilomita 50. Mbele ya hapo ni ujenzi: mchepuko, vumbi jekundu, malori, mchepuko mwingine. Uwanda wa Makonde ukiuendea kutokea baharini haujitangazi. Hakuna kona za kukutoa jasho kama za Kitonga. Unapanda taratibu mno, unachoona ni kwamba minazi imebaki nyuma, mikorosho imeziba pande zote mbili za barabara, na upepo wa dirishani umepoa. Ukingo wenyewe uko upande wa pili, huko ardhi inapokatika ghafla na kutazama Ruvuma.

Ni msimu wa kupulizia. Kila baada ya kilomita chache tuliwaona wakulima chini ya mikorosho na mashine mgongoni, vitambaa vimefunga pua, na vumbi la salfa likipanda kwenye matawi. Mikorosho inaanza kutoa maua, na ugonjwa wa ubwiriunga ukiwahi maua, mkulima hana cha kupeleka ghalani Oktoba. Harufu iliingia ndani ya gari ikakaa nasi mpaka Tandahimba. Hapo tulinunua ming'oko ya kuchemsha, ya moto, ya chumvi na pilipili, tukaila tumesimama kando ya gari. Huu ni mzizi wa porini, unachimbwa hukohuko vichakani, na kwangu mimi hakuna chakula kinachosema "kusini" kwa sauti kubwa kuliko huu.

Newala tuliingia saa saba mchana. Nilipokanyaga chini tu nilivaa sweta. Jua lipo, lakini upepo unapita katikati ya nguo, na ilipofika saa kumi na moja jioni mawingu yalishuka mpaka barabarani, watu wanatembea ndani yake wamejifunga vitenge mabegani. Mtu wa pwani mwili wake unashtuka. Nilizaliwa kilomita mia na kitu kutoka hapa na nilikuwa natetemeka kama niko nchi nyingine.

Usiku gesti Mwalimu alishikilia tupumzike siku moja kabla ya kutembea, kama wanavyofanya wapanda mlima wanaofikia Moshi au Arusha. Alitueleza vizuri kwa nini. Kule juu kabisa, Uhuru, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inakuletea oksijeni nusu ya uliyozoea. Mwili unahitaji siku kadhaa kujipanga, ndiyo maana waongozaji wanasisitiza mtu apande juu mchana, arudi kulala chini zaidi, na atembee pole pole hata kama ana nguvu za kukimbia. Kichwa kikianza kuuma, kichefuchefu kikija, hakuna ushujaa: unashuka.

Nesi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ugonjwa wa mwinuko huanza kusumbua watu kuanzia kama mita 2,500, na Newala hatufiki hata nusu ya hapo. Hapa hewa haina ugomvi na sisi. Vitu vitatu tu vinamtia wasiwasi: baridi ya alfajiri, magoti, na maji. Kila mtu lita tatu, hakuna mjadala.

Kuhusu maji, mhudumu wa gesti alituletea ndoo moja ya maji ya moto kwa watu wawili, akatuomba tuitumie kwa hesabu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekumbusha mgeni avue viatu.

Siku ya mapumziko ilibaki kwenye ratiba, kwa sababu nilitaka tumwone Bibi.

Ijumaa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa njiani kwenda Shimo la Mungu, tukitarajia kuona bonde likipambazuka. Hatukuona kitu. Ukungu ulilijaza bonde lote kama tui kwenye chungu, na upepo uliopanda kutoka chini ulitulowesha nyusi. Ardhi inaishia pale, mbele ya vidole vya miguu yako; baada ya nyasi za mwisho hakuna kitu. Fundi aliokota kijiwe akakirusha. Tulitega masikio. Hatukusikia kikitua.

Tulisimama pale muda mrefu bila kuongea. Halafu kutoka ndani ya ule weupe, chini kabisa, akawika jogoo.

Bibi anaishi kijiji cha jirani, dakika ishirini kwa bodaboda. Ni mdogo wake bibi yangu, na kwa Wamakonde, ambao kwa asili ukoo wanaufuata upande wa mama, huyo ni bibi yangu kamili, wala hakuna "mdogo wake" ya kuongeza. Usoni ana nembo ambazo wasichana wa leo hawachanjwi tena, na juu ya mdomo lile tundu la ndonya, pambo la mti la mdomoni, limebaki kovu. Tulimkuta anaota jua ukutani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni. Poleni na baridi."

Aliwashika mikono mmoja mmoja, akauliza habari za mama, za Mtwara, za bei ya samaki Feri. Kisha akauliza tumefuata nini. Nikamwambia kesho tutashuka Shimo la Mungu mpaka bondeni, halafu tupande.

"Mnakwenda kuchukua nini?"

"Hatuchukui kitu, Bibi. Tunakwenda kutembea."

Alikaa kimya akiitazama miguu yetu na viatu vyetu.

"Mimi pale sijawahi kupanda mikono mitupu," akasema.

Niliyaandika aliyosema baadaye, jioni, nikiwa kitandani, na nina hakika nimeacha mengi. Walikuwa wanaamka jogoo la kwanza na kutoka kwa kundi, kwa sababu ya chui. Njia iliangaziwa kwa mienge ya nyasi. Bondeni walikuta foleni, maana kisima kinajaa polepole, unateka kwa kibuyu kidogo, unasubiri, unateka tena. Mtungi ukijaa unafunikwa matawi ya majani mabichi juu ya maji, ili yasichezecheze na kumwagika. Kisha kupanda. Jua likiwa kali ndipo unafika, na hapo jembe linakusubiri.

"Ukiteleza?" Fundi aliuliza.

"Mtungi ukivunjika hulii. Unashuka tena."

Nesi aliuliza walikuwa wanaoga vipi. Bibi akasema walioga kulekule bondeni. Huku juu maji yalikuwa ya chungu cha kupikia na ya mtoto mchanga. Mgeni alipewa maji ya kunywa kabla ya kupewa kiti, na mgeni mwenye adabu alibakisha nusu kikombe. Na aliyeteka, akasema, ndiye aliyekunywa wa mwisho. Kwanza watoto, halafu wakwe, halafu mume, halafu wewe.

Nilimuuliza swali nililolibeba tangu utotoni: kwa nini basi watu wakajenga huku juu, na maji yako chini? Akanisimulia kisa kilekile ambacho mama alikuwa akitusimulia. Hapo mwanzo palikuwa na mtu mmoja, yuko peke yake porini. Akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, usiku ikawa mwanamke. Wakaoga mtoni, wakazaa mtoto huko bondeni, mtoto akafa. Wakapanda juu kidogo, wakazaa tena, mtoto akafa. Wakapanda mpaka juu kabisa, kwenye vichaka, na huko mtoto wa tatu akaishi. Ndipo wahenga wakaacha wosia: msijenge mabondeni, msikae karibu na maji makubwa, huko kuna maradhi na kifo.

Nimewahi kusikia watu wakisema wazee wetu waliishi mbali na maji kwa kukosa akili. Maneno hayo yananiuma. Wazee waliona watoto wakifa bondeni, na leo Nesi anaweza kukutajia mbu anayehusika. Waliona pia bonde ndiko wanakopita wakamataji wa watumwa, na baadaye vikosi vya Wangoni, wakati vichaka vya juu vilimficha mtu. Uwanda huu ulikuwa ngome. Walichagua uhai, na walichagua sawasawa. Ila gharama ya uchaguzi huo haikugawanywa sawa. Ililipwa kila siku, kwa shingo za wanawake.

Maji ya kusukumwa kwa mashine yalianza kupandishwa uwandani miaka ya 1950, na Bibi anayakumbuka vizuri magati ya mwanzo ya kuchotea maji, na ugomvi wa foleni zake. Anawakumbuka pia Wafini waliokuja miaka ya 1970 na miradi ya maji ya Mtwara na Lindi. Siku hizi maji mengi ya huku yanatoka visima vya Mitema, Kitangari. Bomba la kijiji lipo hatua hamsini kutoka mlangoni kwake. Siku yasipotoka, madumu yanakuja kwa bodaboda na unalipa.

Tulipoaga akaniita nirudi. Alichana kipande cha kanga kuukuu, akakisokota kata, akanivika kichwani kupima, akaikaza tena. "Basi chukua maji," akasema.

Jioni ukungu uliondoka. Tulirudi ukingoni, na safari hii Shimo la Mungu lilifunguka lote: mteremko wa kijani iliyokolea, vijumba, mashamba kama viraka vya nguo, na mbali kabisa utepe wa mchanga mweupe ambao ni Ruvuma. Ng'ambo yake ni Msumbiji, na huko juu ya uwanda mwingine ndiko Mueda, kwa Wamakonde wenzetu, ambao nao wameishi juu na kuteka maji chini. Mwezi huuhuu wa Juni, tarehe 16 mwaka 1960, askari wa Kireno waliwamiminia risasi watu waliokusanyika pale Mueda. Vita vya FRELIMO vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, wengi walivuka mto huu kuja upande wetu, na wapo waliobaki, wakaoa, wakazika. Mwalimu, aliyesimama Uhuru akaona jua likichomoza juu ya mawingu, alisema hapa anaona mbali zaidi. Sikumuuliza ana maana gani.

Jumamosi

Asubuhi na mapema tulipitia kwa kiongozi wa kijiji, maana huku ni jirani na mpaka na ni vizuri watu wajue mko wapi. Alitupa kijana wa kutuongoza. Mgongoni nilikuwa na dumu la lita kumi, tupu, nililolinunua sokoni jana.

Saa kumi na mbili na robo tukaanza kushuka.

Milima mingine unaipanda ukiwa na nguvu na kuishuka ukiwa umechoka. Huu unakula magoti yako kwanza, ndipo unakudai mapafu. Juu ni kichanga, kinateleza chini ya kisigino. Katikati ni mawe na mizizi. Kuna mahali unashuka kwa kukaa. Mwalimu alitufundisha kugeuza mguu ubavu na kuweka hatua fupi. Goti la kulia la Fundi lilianza kulalamika kabla ya nusu ya njia, Nesi akalifunga bandeji, akamkatia fimbo. Kijana wetu alikuwa amevaa kandambili na hakuteleza hata mara moja.

Kitu kilichonishangaza ni joto. Kila hatua mia unavua kitu. Tuliuacha ukungu juu yetu kama dari, hewa ikawa nzito, ikaanza kunukia majani yaliyooza na moshi wa jikoni. Yule jogoo wa jana sasa alikuwa mbele yetu, kisha kushoto kwetu, kisha tukamwona.

Tulitumia saa mbili na dakika kumi. Chini kuna miembe mikubwa, migomba, na ardhi nyeusi ambayo juu hatuna. Na kuna mbu, saa mbili na nusu asubuhi, kivulini, wamejaa. Nesi alitutazama tu.

Kisima kiko chini ya mti, kimejengewa mawe upande mmoja. Wasichana wawili walikuwa wanateka. Walitusalimia, wakatupisha, tukakataa kupishwa. Nilikaa kwenye jiwe nikatazama maji yanavyorudi: hayatoki kwa kasi, yanapenya, unaona mchanga unacheza kidogo chini, halafu kina kinapanda. Uwanda wote ule juu yetu ni kichanga kinachokunywa mvua yote ya masika. Hakiachi kijito wala dimbwi. Maji yanazama yakishuka ndani kwa ndani mpaka yafike mguuni mwa ukingo, na hapo ndipo yanapotoka. Mvua iliyonyesha juu ya paa la bibi yangu ilipita chini ya miguu yake, ikatoka hapa, naye akashuka kuifuata.

Nilijaza dumu. Nikaweka kata. Fundi na Mwalimu wakaninyanyulia.

Lita kumi ni kilo kumi. Mtungi wa Bibi ulizidi hapo, bila kuhesabu udongo wenyewe. Dakika kumi za kwanza nilitembea vizuri kabisa. Kisha shingo ikaanza kuungua kwa nyuma, mahali pamoja, kama mtu ameweka kidole cha moto. Huwezi kutazama miguu yako, kwa hiyo unajifunza kuiona njia kwa nyayo. Huwezi kugeuka kumjibu mtu. Hata kuhema inabidi uheme wima. Niliacha kuongea, na wenzangu nao wakanyamaza.

Katikati ya njia alitupita mama mmoja, mtoto mgongoni, kichwani kiroba cha mchele, mkononi jembe. "Poleni na safari," alisema bila kupunguza mwendo. "Starehe, mama," Nesi akajibu. Tulimwona kona ya juu, kisha kona ya juu zaidi, kisha hatukumwona.

Mara mbili niliwapa wenzangu dumu. Nesi alilibeba kichwani, Fundi na goti lake akang'ang'ania kulibeba begani, nikamkubalia hatua chache tu. Ninaandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu Bibi hakuwa na wa kumpa. Kila aliyekuwa naye njiani alikuwa na mtungi wake.

Saa tatu na nusu za kupanda. Sehemu ya mwisho ndiyo kali kuliko zote, na jua la saa sita lilikuwa limeshaufuta ukungu, linapiga ukuta wote wa mlima. Mwalimu alinitangulia hatua mbili, ananihesabia: kumi, pumzika. Kumi, pumzika. Alisema ndivyo walivyomvusha usiku wa mwisho kule Kilimanjaro. Nilipokanyaga juu, upepo wa baridi ulinipiga usoni, nikasimama tu na dumu kichwani. Sikuweza kuinama kulitua. Walinitua wao.

Hatukukaa kutazama bonde. Tulichukua bodaboda mbili, dumu nimelipakata mapajani, mpaka kwa Bibi.

Alikuwa palepale ukutani, jua limehama naye amehama nalo. Alilifungua dumu, akanusa, akamimina kidogo kiganjani, akaonja. Kisha akanimulika shingoni kwa macho, akapasugua kwa kidole gumba palipokuwa pekundu, hakusema neno. Akatuhesabu.

"Watu watano," akasema. "Haya hayafiki jioni."

Akaingia ndani, akatoka na kikombe kimoja cha bati. Alimpa Fundi, kwa sababu ya goti. Akampa Mwalimu. Akampa Nesi. Akanywa yeye, taratibu, macho amefumba. Mimi akanipa wa mwisho.